Wakuu, nataka kuipeleka familia Bahamas kuogelea na pomboo, safari ya siku moja. Wenye uzoefu njooni

#1 Kijana wa Ubungo
Wakuu, habari za mihangaiko.

Niko Orlando, Florida, mwaka wa sita huu. Nina mke na kijana wa miaka 10 ambaye tangu aanze shule hana habari nyingine isipokuwa pomboo. Begi la shule pomboo, shuka pomboo, hata keki ya kuzaliwa mwaka jana ililazimika kuwa na mkia. Nikamwahidi kwamba akifaulu hesabu nitampeleka akaogelee nao. Niliahidi nikijua hafaulu. Kafaulu.

Nimeangalia ramani, naona Bahamas ndiyo jirani. Mpango nilionao ni meli ya kitalii ya siku tatu, wiki ya Krismasi. Inatia nanga Nassau asubuhi, inang'oa jioni. Hapo katikati zipo kampuni zinazokuchukua kwa boti hadi kwenye pomboo wa kufugwa, unaingia nao majini mkufunzi akiwa pembeni, unapigwa picha pomboo akikubusu shavu, unarudi melini kula. Siku moja, kazi imekwisha.

Kinachonitia wasiwasi ni mama watoto. Ni mtu wa Dodoma, maji makubwa kuliko yote aliyoyaona utotoni ni bwawa la Mtera, tena kupitia dirisha la basi. Hajui kuogelea hata kidogo, na hataki kubaki ufukweni akitulindia mabegi. Aliyewahi kwenda anipe picha kamili: gharama, makaratasi, hatari, na kama kweli kuna raha au ni kuibiwa tu.

#2 Njugu Mawe
Navuta kigoda. Mgogo na pomboo, hii siikosi.

#3 Mwalimu wa Jografia
Kabla hamjafika mbali: Bahamas haiko Karibi. Visiwa vyote vile viko Atlantiki. Bahari ya Karibi inaanzia kusini ya Kuba. Naona kichwa cha uzi hakijakosea, ila najua mtakosea mbele ya safari.

#4 Njugu Mawe
Mwalimu, Bahamas ni mwanachama wa CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi, tangu 1983. Peleka rufaa huko.

#5 Mkenya wa Jersey
Bosi, hiyo ya Nassau mimi nilifanya. Nitakuambia vile ilikuwa, halafu uamue mwenyewe.

Mnapangwa kwa laini kama watoto wa nasari, watu karibu kumi kwa pomboo mmoja, mmesimama kwenye jukwaa maji yakiwa kiunoni. Mkufunzi anatoa ishara, pomboo anakuja, anakupa busu, kamera inapiga, anapewa samaki, anaenda kwa mwingine. Ile sehemu ya kuguswa na pomboo mwenyewe haikufika dakika tatu kwa kila mtu. Simu hairuhusiwi majini, kwa hivyo picha unanunua kwao, na bei ya picha ilinishtua kuliko ya tiketi.

Kwa upande wa bibi yako hakuna shida. Wangu pia hajui kuogelea na alisimama tu pale na jaketi okozi, akarudi amefurahi. Usalama uko sawa.

Lakini kuna kitu kilinikaa. Tulipotoka majini, yule pomboo wetu alienda kona ya uzio akaanza kuzunguka. Upande ule ule, mzunguko ule ule. Binti yangu akaniuliza, "Baba, anatafuta mlango?" Hizo picha ziko kwa droo, sijawahi kuzifungua tena.

#6 Mtetezi
Tusiwatie wote kapu moja. Baadhi ya pomboo walioishia Paradise Island pale Nassau walitoka Gulfport, Mississippi. Kimbunga Katrina mwaka 2005 kilibomoa bwawa lao na kuwasomba wanane hadi baharini. Walikutwa siku kadhaa baadaye wamejikusanya pamoja, hawajui pa kwenda. Wanyama waliozoea kulishwa kwa mkono ungewaacha huko wangekula nini? Mtu akikuambia vizimba vyote ni jela, muulize hao wangepelekwa wapi.

#7 Mkenya wa Jersey
@Mtetezi hao sawa, nakubali. Lakini hao ni wachache, na hiyo biashara haikuanzishwa juu yao. Meksiko bunge lao lilipitisha sheria Juni 2025 ya kupiga marufuku maonyesho ya pomboo, wakaiita jina la Mincho, pomboo aliyerukia zege mbele ya watalii kwenye hoteli huko Riviera Maya mwaka 2020. Expedia, wale wauza safari wa mtandaoni, nao walitangaza 2021 kwamba hawauzi tena tiketi za pomboo wa kufungiwa. Watu wa biashara wakiacha pesa mezani, ujue kuna jambo.

#8 Ummu Salma
Assalaam alaykum. Kaka wa Ubungo, achana na Nassau. Nenda Bimini.

Mimi niko Toronto, nilikwenda na dada zangu wawili. Bimini ndiyo sehemu ya Bahamas iliyo karibu zaidi na Florida, kama kilomita 80 kutoka Miami. Ni visiwa vidogo, cha kaskazini na cha kusini, vya kuvizunguka kwa kigari cha gofu ukamaliza kabla juisi haijaisha ubaridi. Upande wa magharibi bahari inaporomoka ghafla, ndipo unapopita mkondo mkubwa wa Gulf Stream. Upande wa pili kuna uwanda wa mchanga mweupe, maji mita sita mpaka kumi na mbili tu, unaona chini kama unaangalia sakafu ya msikiti iliyodekiwa.

Sasa wale pomboo wa madoadoa wa Atlantiki wana ratiba yao. Usiku wanawinda kule kwenye kina, ngisi na samaki wanaoruka. Mchana wanapanda kwenye uwanda kupumzika na kucheza. Ndiyo maana hapa mtu anaweza kuwakuta bila uzio, bila ndoo ya samaki. Kuna mtafiti wa Kimarekani, Denise Herzing, anawafuatilia pomboo wa Bahamas tangu 1985, kizazi kwa kizazi, na anawatambua kwa madoa yao. Mtoto huzaliwa bila doa hata moja, kijivu mgongoni na mweupe tumboni. Kadiri anavyokua madoa yanatokea, na akishakuwa mtu mzima yamejaa mpaka yanaungana. Ukishalijua hilo safari inabadilika, maana unaanza kuona huyu bibi, huyu mjukuu.

Siku yetu: tuliondoka baada ya Adhuhuri, abiria wanane, nahodha na waongozaji wawili. Tulikaa juu ya boti tukikodolea maji zaidi ya saa nzima bila kuona kitu. Dada yangu mdogo bahari ilimlevya, akatapika mpaka akasema anirudishie nauli yangu. Halafu wakaja wenyewe, mapezi manne, wakapanda mawimbi ya mbele ya boti. Mwongozaji akatushusha watano watano, taratibu, bila kupiga mbizi. Niliingia na burkini yangu, hakuna aliyeniuliza kitu, na jua halikuniunguza kama wenzangu.

Tulilipa karibu dola mia mbili kila mmoja. Dola ya Bahamas na ya Marekani ziko sawasawa, hamna haja ya kubadilisha. Lakini sikiliza vizuri: hiyo pesa unalipia boti na bahari. Pomboo hawamo kwenye risiti. Ukikuta mtu anakuhakikishia, mwogope.

Na Desemba futa.

#9 Kijana wa Ubungo
Dada Ummu Salma, umenivurugia mpango mzima na bado nasema ahsante. Tatizo, nimemsomea mama watoto. Alipofika pale pa "bila uzio" akaniomba simu, akaifunga, akaenda kulala saa mbili usiku.

Desemba kuna nini?

#10 Mwalimu wa Jografia
Hili naliweza.

Gulf Stream ni kama mto ndani ya bahari, unatiririka kwenda kaskazini kati ya Florida na Bimini. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa baridi ya bara la Marekani hushuka kila baada ya siku chache na kuleta upepo wa kaskazini. Upepo unavuma kwenda kusini, maji yanakwenda kaskazini, vinagongana uso kwa uso. Mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima kama matuta ya barabarani. Hapo vivuko huahirishwa na boti za pomboo hazitoki, na zikitoka utajuta.

Kwa hiyo Mei hadi Agosti. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unaanza rasmi 1 Juni hadi 30 Novemba, lakini vikali huja zaidi kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Dorian iliyobomoa visiwa vya Abaco na Grand Bahama ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 2019. Juni na Julai ndiyo dirisha lako.

Na kama mtu anataka Karibi ya kweli, aende Dominica. Mwaka 2023 walitangaza eneo la karibu kilomita za mraba 800 kuwahifadhi nyangumi wale wenye vichwa vya mraba. Kuingia nao majini ni kwa kibali maalumu tu.

#11 Njugu Mawe
Mwalimu kumbe una faida.

#12 Chalinze Ekspresi
Mimi niko Dar, nimesisimka. Nafikaje huko?

#13 Mkenya wa Jersey
@Chalinze kuna ndege ya moja kwa moja kutoka London hadi Nassau, halafu unachukua ndege ndogo. Ukipitia Miami lazima uwe na viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja, Marekani hakuna kupita bila viza. Beba na cheti cha homa ya manjano. Na uuze shamba.

#14 Nahodha Mstaafu
Asalaam alaykum nyote. Huu uzi mjukuu wangu ndiye kanionesha. Mie ni wa Kizimkazi, Unguja. Nimeendesha watalii wa pomboo miaka ishirini na kitu, sasa mgongo umekataa, najikalia barazani.

Huyu wa Chalinze nimwambie kwanza: nauli hiyo usiuze shamba, mwanangu. Njoo Kizimkazi. Lakini njoo alfajiri, kabla magari ya hotelini hayajamwaga watu. Ukifika saa tatu utakuta boti kumi juu ya pomboo sita, hapo utaona matako ya watalii tu.

Sasa huyu wa Ubungo. Bahamas sijafika, ila pomboo ni pomboo. Ntakwambia tulichojifunza kwa makosa yetu wenyewe.

Zamani sisi tulikuwa tukiwaua, tukawafanya chambo cha papa. Watalii wakaanza kuja miaka ya tisini mwanzoni, tukaona huyu akiwa hai ana faida zaidi. Vizuri. Lakini ikaja tamaa nyengine. Kila mtu akanunua mashine, kila mtu anataka mgeni wake awe wa mwanzo kuruka. Ukawa mchezo wa kuwakatiza mbele: unawapita kwa kasi, unazima, unapiga kelele "Ruka! Ruka!", wageni wanaanguka majini kama magunia ya karafuu. Pomboo wanapiga mbizi, wanatokea mita mia mbili kule. Washa mashine, fukuza tena. Mgeni anarudi hotelini anasema ameogelea na pomboo. Yeye kaogelea, pomboo kakimbia.

Wakichoka na wewe wanasema, ila uwe na macho. Wanakaa chini muda mrefu kuliko kawaida. Wanabana pamoja. Wanapiga mkia juu ya maji, pa! Mama anamhamishia mtoto upande wa pili, mwili wake unakuwa ukuta kati yako na mwanawe. Mie niliona hayo miaka mingi nikidhani ni mchezo.

Na wakilala utawajua. Pomboo halali kama wewe, nusu ya ubongo inalala, nusu inakesha ili akumbuke kupumua. Wanakwenda taratibu, wamepangana, wanapanda juu kwa zamu, puu, wanashuka, hawaruki, hawageuki kukutazama. Hapo ndipo nahodha mbaya anapofurahi, maana hawendi kasi.

Basi ukitaka kumjua nahodha kabla hujamlipa, usimwulize bei. Mwulize hivi: "Mkiwakuta wamelala mnafanyaje?" Akikujibu tunawaamsha, au akacheka, kata simu. Akikwambia tunawapita, huyo mpe pesa yako.

Ukiingia majini teleza, usiruke. Mikono ibane mbavuni au nyuma. Usimfuate, na usimkabili uso kwa uso, elekea anakoelekea yeye kama mnaotembea njia moja. Usimguse hata akija karibu, ngozi yake laini, pete yako tu inamchana. Yeye ndiye anayeamua. Ukishakubali hilo, mara nyingi atakuja kukutazama, maana na yeye ana udaku.

#15 Kijana wa Ubungo
Shikamoo nahodha. Nimesoma mara tatu. Hilo swali la kulala nimeliandika kwenye karatasi ya friji.

#16 Nahodha Mstaafu
Marahaba, mwanangu.

#17 Binti Kigoma
Samahani kuingilia. Niko Georgia kwa viza ya mwanafunzi. Nikitoka kwenda Bahamas nitarudi kweli?

#18 Mkenya wa Jersey
Dada, swali zuri kuliko yote humu. Kuingia Bahamas si shida, mimi nilipita na pasipoti ya Kenya bila viza. Kurudi Marekani ndiyo kunauma. Kabla hujalipia kitu, enda ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni, waangalie viza yako ni ya kuingia mara ngapi na inaisha lini, na waisaini I-20, ile fomu yako ya mwanafunzi, upya ukurasa wa kusafiria. Usiamini mtu wa mtandaoni, hata mimi.

Wenye grini kadi, beba kadi yenyewe pamoja na pasipoti. Nakala kwa simu haitakusaidia mbele ya ofisa. Na mtoto aliyezaliwa Marekani mkatie pasipoti mapema, usisubiri wiki ya mwisho.

#19 Ummu Salma
Kaka, umesahau mama watoto. Mpe hii asome mwenyewe.

Shosti, kinachozamisha watu si maji, ni miwani ya kuzamia inayovuja na mtu akaingiwa na hofu. Mna miezi. Nunueni miwani yenu na mrija wa kupumulia, msitegemee vya kukodi. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua; ikinata bila kushikwa, inakufaa. Kisha nenda bwawa la kuogelea la mtaani, pale pa watoto panapofika kiunoni, simama tu, inama, tia uso majini, pumua kwa mdomo. Dakika tano. Kesho yake kumi. Ukishazoea sauti ya pumzi yako mwenyewe umemaliza nusu ya kazi. Na majini utakuwa na jaketi okozi, kuzama utake mwenyewe.

Nywele: kama umesuka rasta, zifunge chini shingoni, mkanda wa miwani ukae juu ya fundo. Unywele mmoja ukipita chini ya mpira, maji yanaingia. Mumeo naye anyoe masharubu, ni hivyo hivyo.

Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda boti. Ukishaanza kutapika imechelewa, muulize dada yangu.

#20 Njugu Mawe
Masharubu ya mzee wa Ubungo yanakwenda. Kigoda changu nakisogeza mbele.

#21 Kijana wa Ubungo
Wakuu, uamuzi umepita baraza la mawaziri. Meli ya Krismasi tumeiacha. Tunakwenda Bimini wiki ya kwanza ya Julai. Kivuko cha mwendokasi kutoka Fort Lauderdale ni kama masaa mawili, lakini hakiendi kila siku, na kwenda na kurudi siku ile ile nimeona ni kubanana sana na boti ya mchana. Kwa hiyo tutalala usiku mmoja. Mama watoto yuko bwawani jioni tatu kwa wiki. Anasema anafanya mazoezi ya afya, hahusiki na pomboo.

Nitaleta mrejesho.

(...)

#34 Njugu Mawe
Leo ni 20 Julai. Mzee wa Ubungo, pomboo wamekumeza?

#35 Kijana wa Ubungo
MREJESHO

Wakuu nisameheni, nilirudi kazini moja kwa moja.

Nianze na simu. Nilipiga kampuni mbili. Ya kwanza kabla sijamaliza salamu dada akasema pomboo ni uhakika asilimia mia. Nikamwuliza swali la nahodha. Akasema, "Wakilala? Huwa hawalali mchana." Nikashukuru. Ya pili alipokea bwana mwenye sauti ya usingizi. Nikauliza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Tunawapita. Kuna wateja hukasirika." Nikamlipa huyo.

Kivuko kilikuwa kimya kama basi la kwenda Moro. Uhamiaji wa Bimini walitugongea mihuri bila mbwembwe. Alice Town ni mtaa mmoja na nusu, kila mtu anakusalimia, hata mwenye haraka. Tulikula mkate wao mtamu, laini kama maandazi yaliyosahau kukaangwa, na saladi ya kome wabichi wenye ndimu na pilipili. Chini ya gati usiku kulikuwa na papa wamelala mchangani, mwenye hoteli akasema wale ni wapole. Mama watoto aliwahesabu, akafika sita, akarudi chumbani.

Kitu ambacho sikukijua: Martin Luther King alikuja hapa mwaka 1964 kutayarisha hotuba yake ya Nobel. Mvuvi mmoja wa hapo, Ansil Saunders, alimpeleka kwa mashua kwenye mikoko palipo kimya. Mzee tuliyekutana naye dukani alituonesha upande ilipo hiyo mikoko kama mtu anayekuonesha kwa mjomba wake.

Haya, pomboo.

Tulitoka saa saba mchana, abiria kumi. Bahari shwari, rangi ile ambayo ukiona kwenye kalenda unasema wameongeza. Saa ya kwanza hakuna kitu. Kijana wangu amekaa mbele kabisa, hata maji ya kunywa anakataa asije akakosa. Saa ya pili inaelekea kuisha, mwongozaji akanyoosha mkono. Mapezi! Kama kumi hivi, yanakwenda polepole. Watu wote wakasimama, wakaanza kuvaa mapezi ya miguuni. Mimi moyo unanidunda.

Nahodha akapunguza mwendo, akawatazama kwa darubini kama dakika mbili. Wanapanda, puu, wanashuka. Wanapanda, puu, wanashuka. Wamepangana.

Nikajua kabla hajasema.

Akageuza usukani, akawapitia mbali. Akatangaza kwa Kiingereza chao cha visiwani kwamba hao wamepumzika, tutatafuta wengine. Jamaa mmoja nyuma akaanza kulalamika kwamba amelipa. Lakini huyo si kitu. Kijana wangu aligeuka akanitazama, machozi yanamtoka, hasemi neno. Wakuu, pale nilimlaani nahodha wa Kizimkazi na uzi mzima. Nilitaka kwenda kumwambia yule bwana awaamshe, nitaongeza hela. Mama watoto ndiye alinishika mkono. Akasema, "Wewe ukitoka kazi ya usiku nikikuletea wageni kitandani utafurahi?"

Tukakaa. Karibu saa nzima nyingine. Jua linaanza kushuka.

Wakaja watatu, wenyewe, kutoka nyuma. Wakaingia mbele ya boti wakawa wanateleza na wimbi, mmoja anajilaza ubavu kabisa kututazama. Nahodha akazima injini. Hawakuondoka. Mwongozaji akasema watano wa kwanza. Nikageuka kumwandaa kijana, kumbe mama watoto ameshakaa ukingoni, miwani usoni, rasta zimefungwa chini kama alivyoagizwa. Akateleza majini bila kuniaga, kashika kamba ya boya nyuma ya boti. Mgogo huyo!

Mimi na kijana tukafuata. Ukitia sikio majini kitu cha kwanza ni sauti: milio, kama mlango usiopakwa mafuta, halafu mitutumo midogo ya haraka ambayo unaisikia mpaka kifuani. Mmoja alikuwa mzee, madoa yameungana mwili mzima. Wawili bado vijana, madoa ya kuhesabu. Yule mzee alimzunguka mama watoto mara mbili, polepole, umbali wa mkono, akimkagua. Yeye kaning'inia kwenye kamba yake kama nguo iliyoanikwa, hatikisiki.

Kijana mmoja kati ya wale alikuwa na kipande cha mwani wa njano kwenye pezi. Akakiachia mbele ya mwanangu, akasogea pembeni. Mwanangu alikuwa amebana mikono mbavuni kama askari wa gwaride, maana nahodha wa Kizimkazi alisema. Hakukigusa. Mwani ukashuka taratibu. Pomboo akarudi, akaudaka na mkia, akauleta tena. Mwongozaji akampa ishara: chukua. Akauchukua, akauachia. Pomboo akaubeba na pua, akaondoka nao, akarudi nao. Mara nne hivyo. Halafu wakageuka wote watatu kwa pamoja, kama walioitwa, wakaelekea upande wa kina. Dakika kumi na tano, labda chini.

Mwanangu kwenye boti hakusema kitu mpaka tunafika gatini. Jamaa aliyelalamika alimpa chokoleti.

Gharama yote, watu watatu, kivuko, chumba usiku mmoja, boti na chakula, imevuka kidogo bei ya ile meli ya Krismasi.

#36 Ummu Salma
Mashallah. Mama watoto mpe salamu zangu za pekee.

#37 Njugu Mawe
Picha?

#38 Kijana wa Ubungo
Video ninayo, dakika nne. Tatu na nusu ni goti langu.

#39 Chalinze Ekspresi
Jamani mie nilikwenda Kizimkazi kwa nahodha. Alfajiri. Nitafungua uzi wangu.

#40 Nahodha Mstaafu
Mwanangu wa Ubungo, laana yako imenifika, nilikohoa wiki nzima. Wale mliowapita, walikuwa na watoto?

#41 Kijana wa Ubungo
Wawili, nahodha. Nilimwona mmoja vizuri alipopanda kupumua. Kijivu kitupu, hajapata doa hata moja.